Hatua ya Maji

Tarehe 6 Januari

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hakuna aliyelazwa na hakuna aliyezikwa, kwa hiyo tushukuru. Wifi yako amenunua cherehani na sebule nzima imekuwa vipande vya vitambaa. Ukikaa bila kuangalia unachomwa na pini. Mwanao, yaani mwanangu, ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Dukani kiti cha dirishani kimevunjika mguu, nimekifunga waya. Wateja bado wananitazama kipara changu na kuniuliza ni kinyozi gani aliyenifanyia hivi. Baba hajambo, anakusalimu sana.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Ulisema ukisikia mlio wa mashine ya kunyolea nyuma yangu unakata, na duka hili mlio hauishi. Haya, karatasi haina mlio.

Jambo lenyewe ni hili. Yule mwalimu mstaafu tuliyekuwa tukimnyoa kila Jumamosi amehamia kwa mwanawe, akaniachia mtoto wa mbwa wa wiki nane. Ni mweupe, manyoya yamemfunika hata macho, tumemwita Pamba. Mwalimu kaniambia manyoya ya aina hii hayaachi kukua. Lazima achanwe, aoshwe na anyolewe maisha yake yote, la sivyo yanasokotana mpaka ngozi inatoka vidonda. Vinyozi wenzangu wanasema nimtumbukize kwenye ndoo nimsugue, atazoea mwenyewe. Nikasita. Nikasema kuna mtu anaijua kazi hii. Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu, nisaidie.

Kaka yako,
Kipara


Tarehe 17 Januari

Kaka Kipara,

Shikamoo. Bahasha imefika na alama ya kikombe cha chai juu yake, nikajua kweli imetoka dukani. Mimi mzima. Nimehama chumba, hiki kipya dirisha lake linatazama ukuta, lakini ukuta umepakwa chokaa na mchana napata mwanga. Kazini tumekuwa wanne. Meza yangu ni ya pili kutoka mlangoni, na wapo wenye mbwa wanaokubali kungoja saa nzima ili waifikie hiyo. Mpe wifi hongera ya cherehani, na umwambie mtoto meno yanarudi.

Salamu za Baba nimezipokea nikijua umezitunga mwenyewe. Ni miaka minne tangu niondoke na hajaniletea hata neno la kuazima. Ungeandika "anakusalimu" tu labda ningeamini. Hiyo "sana" ndiyo inayokuumbua.

Nilicheka kidogo, halafu nikakasirika. Uliposikia nimepata kazi ya kunyoa mbwa uliuliza kama nawakata ndevu pia. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Wewe hukutia, na leo unakuja mbio.

Lakini mtoto wa mbwa hana kosa. Nisikilize. Maji yasahau kwanza. Mbwa mdogo hupokea mambo mageni kwa urahisi mpaka anapofika miezi minne hivi. Akishapita hapo, kitu alichokijua kwa hofu atakihofia, na kumtoa hofu hiyo ni kazi ya miaka. Kwa hiyo wiki zako ni za kuhesabika. Anza na mikono tu. Tandika taulo mezani asiteleze, mkalishe akiwa amechoka kucheza. Shika mguu mmoja wa mbele, hesabu mpaka tatu, achia, mpe kipande cha ini la kuchemsha kisichozidi ukucha wako. Kisha mguu wa pili. Kisha masikio, fizi, tumbo, mkia. Akivuta mguu usimng'ang'anie wala usimwachie ghafla. Tulia naye mpaka alegee, ndipo uachie. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Mwache kabla hajakuchoka.

Taulo nazijua vizuri. Miaka tisa nilifua taulo za duka hilo, na Baba alikuwa akiniita Bibi Taulo mbele ya wateja. Walicheka, na mimi nilicheka nao.

Mdogo wako


Tarehe 30 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenipiga vya kutosha, sasa tuendelee. Huku tu wazima. Wifi yako kanishonea shati, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nalivaa hivyohivyo kwa ajili ya amani. Bomba la dukani linavuja. Baba hajambo, anakula vizuri.

Pamba anakwenda vizuri mno. Miguu ya mbele anaitoa mwenyewe kabla hujaiomba. Wa nyuma wa kushoto alikuwa mgumu siku sita. Siku ya saba ulishikwa mpaka kumi bila kuvutwa. Sikio la kulia lina nywele nyingi ndani kuliko la kushoto, je, hizo ziachwe? Fizi hazina tatizo. Mkia anaona ni mchezo. Imegundulika kwamba ukimwimbia kwa sauti ya chini analegea upesi zaidi, na kwamba asubuhi ni bora kuliko jioni, kwa sababu jioni barabara ina kelele. Ini lakatwa vipande arobaini kila siku mbili na kuwekwa kwenye kopo lenye kifuniko.

Sasa lini kitana, lini mashine? Na je, mashine ya dukani inafaa, au meno yake ni makali kwa ngozi changa? Eleza polepole, usiruke kitu.

Kaka yako


Tarehe 9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mikono. Sabuni ya kazini inanipasua vidole. Mwenye duka amenipa funguo, sasa nafungua mimi asubuhi.

Barua yako imenifurahisha kuliko nilivyotaka. Sikujua una subira hiyo. Wewe ambaye ulikuwa unamaliza kichwa cha mtu kabla hajakaa sawasawa, leo unaniandikia habari za mguu wa nyuma wa kushoto siku sita. Ama kweli hujafa hujaumbika.

Nywele za sikioni ziache. Kitana kianze leo, chenye meno mapana, kwenye manyoya makavu. Anza kwenye ncha, mkono mwingine ukishika shina la manyoya ili ngozi isivutwe. Mara tano tu kwa siku ya kwanza. Mashine ya dukani inafaa kwa kumzoesha, si kwa kumnyoa. Kwanza iweke sakafuni ikiwa imezimwa, ainuse. Kesho yake iwashe chumba cha pili wakati anakula. Kila siku isogeze hatua moja. Ikifika mezani, mguse nayo mgongoni kwa upande wa nyuma, usio na meno, asikie mtetemo wake. Siku atakayopiga miayo mashine ikiwa mgongoni, umeshinda. Hatua ya maji nitakuandikia baada ya hapo. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanapoharibu.

Nikiandika haya nakumbuka nilivyokunyoa nyuma ya nyumba, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa mkasi na kitana, bila kioo. Baba alikushika kichwa akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole nyuma ya masikio. Akauliza nani kafanya. Ukanitaja. Nikasimama pale nikingoja. Akaenda kabatini, akafungia mikasi yote ndani, ufunguo akautia mfukoni. Akasema, "Mteja hakai kwenye kiti cha mwanamke." Hakusema kazi ni mbaya. Hakusema ni nzuri pia. Nilitaka aniite kinyozi, basi. Mpaka leo nalitaka neno hilo kutoka kwake, na najichukia kwa kulitaka.

Mdogo wako


Tarehe 22 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa vidole. Jaribu mafuta ya mgando usiku na soksi mikononi, utachekwa lakini utapona. Huku joto limezidi, dukani tunafungua milango yote miwili. Mtoto jino moja limechomoza.

Pamba alipiga miayo jana. Mashine ilikuwa mgongoni, imewashwa, akapiga miayo mirefu akalala. Ilikuwa furaha hapa, wifi yako aliacha cherehani akaja kutazama. Mashine haikai juu yake zaidi ya dakika mbili kwa sababu inashika moto, na kabla ya kumgusa nayo lazima ipimwe kwa kuigusisha mdomo wa chini. Mdomo ukiona joto, inazimwa.

Kitana kinapita kichwa mpaka mkia. Lakini joto hili na vumbi hili vinamchafua, manyoya ya kwapani na ya nyuma ya masikio yameanza kusokotana. Ana wiki kumi na tano sasa. Tafadhali leta hatua ya maji mapema. Na niambie, mkono ukiwa unatetemeka kidogo, kitana kishikwe vipi?

Kaka yako


Tarehe 4 Machi

Kaka,

Sikuamkii, na sababu utaiona.

Wewe hukupima mashine mdomoni hata siku moja. Ulikuwa unachoma watu shingo, unawaambia ni upepo wa feni. Ni mtu mmoja tu niliyemwona akigusisha mashine mdomo wa chini. Nilimwangalia miaka tisa nikiwa na ndoo ya taulo mkononi.

Nimezirudia barua zako zote. "Imegundulika." "Ilikuwa furaha hapa." "Lakatwa vipande arobaini." Kila mahali umemficha mtendaji, na mimi mjinga nikasifu subira yako. Mbwa ni wa Baba. Anayefundishwa ni Baba. Nimemfundisha kazi mtu aliyenifungia kabati, tena bila yeye kulazimika hata kufungua mdomo kuomba.

Hatua ya maji siiandiki. Mwambie mwanafunzi wako achukue kalamu mwenyewe, aandike kwa mkono wake kwamba anataka kufundishwa na mimi. Mstari mmoja unatosha. Asipoandika, ndoo ya vinyozi wenzako anajua ilipo.

Mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Sote wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Ni kweli, mbwa ni wake. Mwalimu alimwachia yeye. Nilidanganya kwa sababu nilijua ukisikia ni Baba ungechana bahasha.

Kuna jambo hujui, kwa sababu alinikataza kukuambia. Mwaka jana mikono ilianza kumtetemeka. Alimkata mteja juu ya sikio, halafu mwingine. Wa tatu aliposhikwa kichwa aliinuka, akaomba mimi nimalize. Baba alivua koti la kazi siku hiyo, akalitundika, hakulivaa tena. Anakaa nyumbani anatazama mikono yake. Pamba ndicho kichwa cha pekee alichobakiwa nacho, na Pamba haogopi huo mtetemo kwa sababu amekua nao.

Kila barua yako naisoma kwa sauti. Ananirudisha nyuma nikisoma haraka. Ile habari ya kabati niliisoma pia. Nilitaka kuiruka, lakini ukurasa alikuwa anauona. Asubuhi yake alikuwa mezani na kitana.

Nilimsomea sharti lako. Alikaa na kalamu kutoka chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nimekuwekea karatasi yenyewe humu. Najua haisomeki. Neno la mwanzo ni "Mwanangu", nilimwona akiliandika. Tafadhali. Manyoya ya kwapani yamekaza na Pamba hawezi kungoja sana. Nimemzuia Baba asimwoshe mpaka ujibu.

Kaka yako


Tarehe 2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Barua yako ilifika tarehe ishirini mwezi wa tatu.

Ile karatasi niliitazama nikasema huu ni ujanja, wameweka kalamu mkononi mwa mtoto. Nikaigeuza juu chini. Hata hivyo jioni ileile niliketi nikaandika hatua ya maji, kurasa mbili, hii hapa chini. Kisha nikaifungia kwenye droo. Nikasema mimi niliganda mlangoni pa kabati miaka tisa, yeye wiki chache hazitamuua. Nilikwenda kazini kila siku nikijua iko mle. Sikusikia utamu niliodhani nitausikia. Wiki iliyopita mbwa mmoja mzee aliletwa mezani, na mwenye mbwa, mzee pia, akajaza fomu yetu. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa mistari inayoyumba, kama wa karatasi ya Baba. Nikarudi nyumbani nikaitoa karatasi, nikaliona "Mwanangu" waziwazi.

Msomee haya polepole.

Baba, shikamoo. Kabla ya maji chana manyoya yote yakiwa makavu. Palipokaza pasivutwe, pakatwe kwa mkasi huku kitana kikikinga ngozi, kwa sababu fundo likilowa linakaza zaidi na kumuumiza. Beseni liwe tupu siku tatu za mwanzo, kitambaa chini, ini ndani. Siku ya nne tia maji ya vuguvugu, kina cha vidole viwili, uyapime kwa ndani ya kiwiko. Tumia kikombe. Kikombe kiguse ngozi, maji yateremke bila sauti. Anza na miguu, panda mgongoni, ishia shingoni. Kichwani usimwage maji kamwe. Uso upanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Sabuni iwe ya mbwa, ya dukani huko ni kali. Ukimaliza mkandamize na taulo, usimsugue. Mara ya kwanza isizidi dakika nne, hata kama hajatakata. Kutakata si kazi ya siku ya kwanza. Kazi ya siku ya kwanza ni kwamba kesho akubali kurudi.

Kuhusu mkono: kwenye maji mtetemo hauna madhara. Yeye atadhani anakunwa.

Mdogo wako


Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika wiki iliyopita. Wifi yako na mtoto hawajambo.

Nilimzuia mwezi mzima na zaidi. Kila alasiri aliniuliza kama posta imepita dukani. Pamba alifikia hatua ya kulia akibebwa, mafundo yalikuwa yanavuta ngozi ya kwapa. Tarehe ishirini na moja mwezi uliopita nilikuwa dukani. Baba akaamua afanye kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wanaolia kwenye kiti, si unakumbuka: kichwa anakibana kwapani mwake, maji anayamwaga utosini kwa mkupuo mmoja, sabuni ya duka. Anamaliza kabla mtoto hajapata pumzi ya kulia. Kwa watoto ilifaulu miaka arobaini.

Mafundo yalipolowa yalikaza. Maji yaliingia masikioni. Pamba alimng'ata mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada, na kwa kuwa alikuwa amebanwa hakuachia. Nyuzi saba. Mkono ulivimba, alilazwa siku tisa. Umepona kwa nje, lakini gumba halikunjiki. Kitana hawezi kushika tena, wala kijiko.

Pamba hagusiki. Ukinyanyua mkono tu anaingia chini ya kabati na kuonyesha meno. Daktari wa mifugo alimnyoa kwa kumchoma sindano ya usingizi, akasema itakuwa hivyo kila mara, maisha yake yote. Sina uwezo wa hilo. Nimempeleka yadi ya mbao, mlinzi kamfunga mnyororo. Nilipoondoka hakuniangalia.

Sikutaka kukusomea Baba barua hii ya mwisho, yaani kumsomea hiyo yako. Unaona, hata kuandika nakosea. Lakini aliiona bahasha. Akasema, "Soma." Nikasoma yote, na ya droo pia, maana umeiandika wewe na mimi nimechoka kuficha. Nilipofika kwenye kikombe akaniambia, "Hapo rudia." Nikarudia. Kwenye habari ya mkono unaotetemeka akageuka ukutani, nikangoja, kisha akaniambia niendelee.

Nilipomaliza aliuweka mkono mbovu juu ya goti. Halafu akasema, "Huyu ni kinyozi."

Nikafurahi kwa ajili yako, nakuapia. Nilikuwa nainuka kutafuta kalamu. Akaniambia, "Kaa, sijamaliza. Ni kinyozi, na ni wangu mimi. Hata kumnyima mtu kazi kajifunza kwangu. Mwandikie hivyo, usipunguze."

Nimeandika hivyo. Nilimuuliza kama nitie na salamu. Akasema hayo yanatosha.

Kaka yako